Namna ya Kuunganisha Galaksi Mbili Ukiwa Ufukweni Mbweni

Kuunganisha galaksi mbili hakuhitaji kibali cha serikali ya mtaa, wala fundi, wala mtaji. Kunahitaji galaksi mbili, gesi ya kutosha, na subira ya mabilioni ya miaka. Galaksi zipo tayari juu ya Mbweni ya Dar es Salaam, gesi zimebeba zenyewe, na subira ndiyo mali pekee utakayoitoa wewe. Mwongozo huu umevaa vazi la utani, lakini vipimo vyake vyote ni vya kweli. Nimeuandika kwa sababu anga la kusini limetupa sisi watu wa pwani nafasi ambayo wataalamu wa Ulaya huisafiria maelfu ya kilomita, nasi tumeikalia bila kuinua macho.

Anza kwa kuchagua usiku. Mbalamwezi haifai. Fuata mwezi mwandamo, subiri tarehe 27, 28 au 29, siku ambazo mwezi hauonekani kabisa jioni. Wavuvi wa Mbweni hawahitaji kalenda kuzijua, maana ndipo bamvua linapoanza: maji hujaa sana na kupwa sana, na ifikapo saa nne usiku huwa yamekwenda mbali, umebakiwa na mchanga mpana wa kukaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko. Kaa hapo, kwa sababu somo la kwanza liko miguuni pako. Mwezi huuvuta upande wa dunia ulio karibu nao kwa nguvu zaidi kidogo kuliko upande wa mbali, na tofauti hiyo ndiyo inayoinyoosha bahari. Jua likivuta kwenye mstari mmoja na mwezi, maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Galaksi mbili zikikaribiana hufanyiana jambo hilohilo, kwa kanuni ileile na hesabu ileile. Upande wa karibu huvutwa zaidi, wa mbali huvutwa kidogo, na galaksi nzima hunyooka. Bahari ya Mbweni hurudi baada ya saa sita. Galaksi ikishanyooshwa hairudi ilivyokuwa.

Sasa chagua galaksi. Ya kwanza huna hiari nayo: ni hii yetu, Njia Nyeupe, ambayo umo ndani yake pamoja na Jua na nyota nyingine zaidi ya bilioni 100. Ya pili ina wagombea wawili.

Mgombea mmoja ni Andromeda. Katikati ya Novemba, saa tatu usiku, geukia kaskazini, upande wa Bagamoyo ng'ambo ya Mto Mpiji, ambako taa bado si nyingi. Karibu na nusu ya njia kutoka upeo wa macho kwenda utosini kuna doa hafifu lenye ukungu. Mtaalamu wa nyota Abd al-Rahman al-Sufi aliliandika huko Uajemi mwaka 964, akalieleza kuwa ni wingu dogo. Mwanga wake unaoingia jichoni mwako uliondoka huko miaka milioni 2.5 iliyopita. Andromeda inatujia kwa kasi ya kilomita 110 hivi kwa sekunde, na kwa muda mrefu vitabu viliandika kwamba itaungana nasi bila shaka baada ya miaka bilioni 4 au zaidi kidogo. Mwaka 2025 watafiti waliirudia hesabu hiyo wakitumia vipimo bora na kuingiza mvuto wa galaksi jirani, wakakuta kwamba uwezekano wa muungano ndani ya miaka bilioni 10 ijayo ni nusu kwa nusu. Muweke akiba.

Mgombea wa pili yuko karibu zaidi na ndiye ninayekushauri umchukue. Mwishoni mwa Januari, saa tatu usiku, geukia kusini. Tafuta Suheli, nyota inayong'aa kuliko zote za upande huo, ambayo manahodha wa majahazi waliijua kama wanavyoijua nyumba ya jirani. Shuka kutoka hapo kuelekea upeo wa macho, kulia kidogo, na kama anga ni jeusi utaona kiwingu kisichosogea. Hilo ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi kamili iliyoko umbali wa miaka nuru 160,000. Jirani yake, Wingu Dogo, liko umbali wa miaka nuru 200,000 hivi. Hesabu zinaonyesha kwamba Wingu Kubwa litamezwa na Njia Nyeupe baada ya miaka bilioni 2 na nusu au karibu na hapo. Ukiwa Mbweni una tatizo moja tu: kusini ndiko jiji liliko, na mng'ao wa taa umelifunika anga la upande huo hadi juu. Jambo hilo nitalirudia, maana linanikera kweli.

Mvuvi mmoja mtu mzima nilimweleza habari hii pale ufukweni, baada ya shikamoo na maswali ya hali ya bahari. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza: "Sasa mwanangu, zikikutana hizo, ipi inaumia?" Ni swali ambalo wataalamu wameliandikia vitabu. Zote mbili huvurugika, lakini ndogo ndiyo inayochanwa. Wingu Dogo na Wingu Kubwa zimekwisha kuvutana zenyewe kwa zenyewe, na kati yao umebaki utepe wa gesi na nyota. Nyuma yao unaburuzika mkia mrefu wa hidrojeni, uliotambuliwa mwaka 1974 kwa darubini za redio, unaokatiza sehemu kubwa ya anga la kusini bila kuonekana kwa macho. Ndugu wawili, Alar na Jüri Toomre, ndio walioonyesha mwaka 1972, kwa kompyuta za enzi hizo, kwamba mikia na madaraja ya aina hii hutokana na mvutano peke yake. Kabla yao wengi walikataa kuamini kwamba nguvu inayopwisha maji inaweza kuchora maumbo membamba namna ile.

Kabla hujaendelea, kagua gesi. Hatua hii ndiyo inayoamua kila kitu. Usihofu kwamba Jua litagongwa na nyota ya ugenini. Nyota iliyo karibu nasi kuliko zote iko umbali wa miaka nuru 4.2, yaani vipenyo vya Jua karibu milioni 29 vikipangwa mstari mmoja, kwa hiyo galaksi mbili zinaweza kupenyana na nyota zake zisigusane. Mawingu ya gesi hayana nafasi hiyo. Yametanuka makumi na mamia ya miaka nuru, na yakikutana yanagongana kweli, yanagandamizana, yanapoteza mzunguko wake na kuanza kuporomoka kuelekea katikati. Galaksi mbili zilizokwisha gesi zikiungana, nyota huchanganyika tu na hakuna nyota mpya inayozaliwa. Ukitaka uzazi, hakikisha walau moja ina gesi tele.

Mambo yakienda sawa, kitakachofuata ni mlipuko wa uzazi. Gesi iliyokuwa imetawanyika pembezoni hujaa kwenye eneo dogo, uzito wake hulishinda joto lake, nayo huvunjika vipande vipande na kila kipande kikawa nyota au kundi la nyota. Kuna galaksi mbili ziitwazo Antena, kwa sababu ya mikia yake miwili iliyojikunja kama antena za mdudu, kwenye kundinyota la Kunguru, ambalo mwezi Mei hupita karibu na utosi wa Mbweni mapema usiku. Zimo katikati ya kuungana. Darubini ya Hubble ilipozipiga picha katika miaka ya 1990, wataalamu walihesabu ndani yake zaidi ya makundi 1,000 ya nyota changa. Njia Nyeupe, kwa kulinganisha, huzaa kila mwaka nyota zenye jumla ya uzito wa Jua moja au mawili. Galaksi ya Arp 220, ambayo ni mbili zilizokaribia kumaliza muungano wake umbali wa miaka nuru milioni 250, huzaa zaidi ya mara 100 ya kiwango hicho. Na huwezi kuziona nyota hizo kwa mwanga wa kawaida, maana zimefunikwa na vumbi zito la uzazi wenyewe. Setilaiti ya kupima mwanga wa joto, iliyorushwa mwaka 1983, ndiyo iliyofichua kwamba galaksi za aina hiyo zinawaka kuliko zilivyodhaniwa.

Nitoe tahadhari hapa, kwa kuwa picha za Antena na Arp 220 hupotosha. Si kila muungano unalipuka. Ukikusanya mamia ya galaksi zilizo jozi katika ulimwengu wa karibu na kupiga wastani, ongezeko la uzazi ni la kiasi tu. Linategemea uzito wa kila moja, pembe zilivyokutana, mwelekeo wa mizunguko yao, na gesi iliyobaki. Galaksi ndogo ikimezwa na galaksi kubwa, kubwa haishtuki sana. Galaksi mbili zenye uzito unaokaribiana zikikutana, ndipo moto unapowaka.

Sasa tufike kwenye kemia, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Ulimwengu ulianza na hidrojeni na heli na chembe kidogo za lithi. Oksijeni unayovuta, kalisi ya mifupa yako, chuma cha damu yako, vyote vilipikwa ndani ya nyota au katika milipuko ya nyota baadaye. Ndani ya Jua, elementi hizi nzito ni kati ya asilimia 1 na 2 tu ya uzito wake. Kiasi hiki hutofautiana kutoka mahali hadi mahali. Katikati ya galaksi, ambako nyota zimezaliwa na kufa kwa vizazi vingi, elementi nzito ni nyingi. Pembezoni ni chache. Wingu Kubwa la Magellan lina karibu nusu ya kiwango cha Jua, na Wingu Dogo karibu moja ya tano.

Fikiri basi kinachotokea gesi ya pembezoni inapoporomokea katikati. Ni gesi changa, isiyopikwa sana. Ikiingia kati, huzimua kilichokuwapo, kama muuza supu ya pweza anayeona wateja wameongezeka akatia maji sufuriani: supu inakuwa nyingi, ladha inapungua. Mwaka 2006 Lisa Kewley, Margaret Geller na Elizabeth Barton walichapisha vipimo vya galaksi zilizokaribiana mbili mbili, wakaonyesha kwamba vitovu vyake vina oksijeni kidogo kuliko vitovu vya galaksi zinazofanana nazo zilizo peke yake. Vipimo vya baadaye vilionyesha pia kwamba tofauti ya kati na pembezoni hupungua, mteremko unakuwa bapa, kwa sababu gesi imekorogwa kutoka mwisho hadi mwisho. Hivyo mtaalamu anayepima oksijeni ya galaksi iliyo mbali mamilioni ya miaka nuru anaweza kusema kama imepata mgeni karibuni, hata kabla mikia haijaonekana vizuri.

Kisha upishi unaanza upya, na una saa yake. Nyota nzito zilizozaliwa katika mlipuko huishi miaka milioni chache tu kabla ya kupasuka, nazo humwaga oksijeni na magnesi. Chuma kingi huja polepole, kutoka kwenye vibete vyeupe, masalia ya nyota ndogo, ambavyo huchukua mamia ya mamilioni ya miaka au hata mabilioni kabla ya kulipuka. Kwa hiyo galaksi iliyozaa kwa kasi kubwa ina nyota zenye oksijeni na magnesi nyingi kuliko chuma. Galaksi ndogo iliyozaa taratibu inapata chuma mapema kwa kulinganisha na elementi nyingine, kwa kuwa haikuwahi kupika kwa fujo. Uwiano huo hubaki ndani ya nyota maisha yake yote. Nyota inaweza kuhamishwa, kuchanganywa, kusahauliwa mahali ilipotoka, lakini uwiano wa magnesi na chuma katika mwanga wake hauwezi kufutwa. Hili ndilo jambo ninalotaka lishike kichwani: kabila la nyota limeandikwa ndani yake.

Na ushahidi huo umetumika kututhibitishia historia yetu wenyewe. Mwaka 2018 Amina Helmi na wenzake, na kundi jingine la Vasily Belokurov, walitumia vipimo vya setilaiti ya Gaia, iliyorushwa Desemba 2013, kufuatilia mwendo wa nyota za Njia Nyeupe. Wakakuta kundi kubwa la nyota zinazokwenda kinyume na utaratibu wa nyingine. Mwendo peke yake ungeweza kubishiwa. Kemia ndiyo iliyokata shauri: nyota hizo zina uwiano wa galaksi ndogo iliyozaa taratibu. Ni masalia ya galaksi iliyomezwa na yetu kama miaka bilioni 10 iliyopita. Njia Nyeupe ni mchanganyiko, na imekuwa hivyo tangu zamani sana.

Mmezwaji mwingine unaweza kukutana naye kwa macho. Mwanzoni mwa Juni, masika yakiwa yamekwisha na upepo wa kusi umelisafisha anga, tazama kusini saa tatu usiku. Kundinyota la Salibu litakuwa limesimama. Juu yake, kushoto kidogo, kuna nyota yenye ukungu kingoni. Hiyo ni Omega Centauri, mkusanyiko wa nyota karibu milioni 10, umbali wa miaka nuru 17,000 hivi. Nyota zake hazikuzaliwa kwa pamoja na hazina kemia moja, jambo ambalo makundi ya kawaida hayana, na wataalamu wengi wanaamini ni kitovu cha galaksi iliyochanwa na yetu ikabaki kokwa. Mwaka 2024 picha za Hubble za miaka zaidi ya 20 zilionyesha nyota zikikimbia katikati yake kwa kasi inayohitaji shimo jeusi lenye uzito usiopungua Jua 8,200. Halafu Agosti, angalia karibu na utosi, kwenye kundinyota la Mshale. Nyuma ya nyota zile kuna galaksi ndogo iliyogunduliwa mwaka 1994, nayo bado inamezwa hivi leo. Utafiti wa mwaka 2020 ulikuta kwamba nyakati Njia Nyeupe ilipozaa nyota kwa wingi kuliko kawaida zinalingana na nyakati galaksi hiyo ndogo ilipopita karibu.

Watu wa pwani hawakuwa watazamaji tu wa haya. Tarehe 12 Desemba 1970, Wakenya wakiadhimisha miaka 7 ya uhuru, roketi iliruka kutoka San Marco, jukwaa la Waitalia lililosimama kwa nguzo baharini karibu na Malindi, mradi ulioongozwa na Luigi Broglio. Ilibeba setilaiti ya Wamarekani, ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kutafuta eksirei za angani. Kwa heshima ya siku ile na wenyeji, iliitwa Uhuru. Pahala pale palifaa kwa sababu ni karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisukuma roketi bila malipo.

Uhuru iliona kwamba makundi makubwa ya galaksi, likiwamo la Perseus, yanatoa eksirei katika eneo zima lililo kati ya galaksi na galaksi. Je, ilikuwa gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi, au kitu kingine? Jibu lilipaa kutoka jukwaa lilelile: setilaiti ya Waingereza iitwayo Ariel 5, iliyorushwa 15 Oktoba 1974. Mwaka 1976 wataalamu waliokuwa wakichambua eksirei zake kutoka Perseus walikuta alama ya chuma. Gesi ya mwanzo wa ulimwengu haina chuma. Kila chembe ya chuma iliyotanda kati ya galaksi zile ilipikwa ndani ya galaksi fulani, ikatolewa nje kwa milipuko ya nyota, au ikachunwa galaksi zilipokuwa zikisongamana na kumezana. Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba gesi hiyo, ambayo ina uzito kuliko galaksi zote za kundi zikijumlishwa, ina karibu theluthi ya kiwango cha chuma cha Jua. Ugunduzi huo ulianzia kwenye maji ambayo wavuvi wa Malindi wanatupia nyavu zao, na sijaona sababu ya kutofundishwa shuleni pwani nzima, kutoka Lamu hadi Mtwara.

Mwisho wa muungano usishangae galaksi yako ikinyamaza. Gesi imetumika, nyingine imepulizwa nje, na uzazi unafifia. Nyota nzito za samawati hufa upesi, zinabaki nyekundu zenye umri mrefu, na umbo linakuwa la yai. Galaksi nyingi kubwa za aina hiyo tunazoziona leo zilijengwa kwa njia hii, muungano juu ya muungano.

Sasa lile la taa. Nyumba nyingi za Mbweni, Boko na Bunju zina taa za ukutani zinazomulika juu usiku kucha, zikiangazia mawingu na popo. Mwanga huo haulindi geti wala ua. Unapotea angani na kutufutia Wingu la Magellan. Ndugu msomaji mwenye nyumba huku, geuza taa zako zimulike chini, uzifunike juu, na zisizo na kazi uzizime ifikapo saa nne. Kisha Januari ijayo, usiku wa mwezi 28, wachukue watoto wa mtaani ufukweni, uwaonyeshe Suheli kwanza.